Kutobolewa au kufunguliwa tumbo: Mzee ataishi zaidi kwa njia ipi?

Dada yangu wa Arua, swali lako nimelisoma mara mbili, la kwanza nikiwa nimesimama nje ya thieta nasubiri mgonjwa aletwe, la pili jana usiku nimetulia, na naona bora nikujibu kwa urefu manake najua nyumbani kwenu mnabishana.

Kwa wengine wanaosoma, nilivyoelewa ni hivi. Baba yao ni mwanajeshi mstaafu, ana miaka 61, tangu mwaka jana anaona damu chooni, wote wakadhani bawasiri. Mwishowe wakapanda basi la usiku hadi Kampala, kolonoskopi (kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa ndani) ikaona uvimbe kwenye utumbo mpana upande wa kushoto chini, biopsi, yaani kinyama kilichokatwa kikapimwa, imesema kansa, skani haijaona kitu kwenye ini wala mapafu. Daktari anataka kumfanyia laparoskopi, yaani upasuaji wa matundu madogo na kamera. Kaka yao mkubwa, ana miaka 44, amekataa katakata, anasema mhogo hauchomolewi kupitia tundu la panya, kansa itabaki ndani au ile gesi wanayopuliza tumboni itaisambaza. Na dada anauliza mambo mawili: njia ipi itampa Mzee maisha marefu, na je wakiuza ng'ombe walipie hiyo ya matundu, wananunua miaka au wananunua kovu dogo tu.

Mnanunua kovu dogo. Na maumivu kidogo, na kutembea mapema, na kurudi nyumbani siku moja au mbili kabla ya yule aliyefunguliwa. Miaka hainunuliwi na tundu, wala haipotezwi na tundu, kama aliyeshika vyombo anajua kazi yake. Miaka inatoka kwingine kabisa na huko kwingine ndo nitakupeleka, lakini kwanza tumalizane na kaka.

Usimcheke kaka. Hofu aliyo nayo sisi wapasuaji wenyewe tulikuwa nayo, na tulikuwa nayo kwa sababu. Watu walianza kukata utumbo kwa kamera mwanzoni mwa miaka ya 1990, na haikupita muda zikaanza kuja habari mbaya za kansa kuota palepale kwenye matundu, kwenye ngozi ya tumbo, mahali bomba lilipopita. Mwaka 1994 ikatoka ripoti fupi ya wagonjwa 14 tu, kati yao 3 kansa imerudi kwenye matundu. Banange, watu 3 kati ya 14! Wengi wakasimamisha, chama cha wapasuaji wa utumbo cha Marekani kikawaambia wanachama wake hii kitu msiifanye kwa kansa nje ya utafiti. Kwa hiyo kaka yako angekuwa daktari mwaka 1994 angekuwa upande wenye busara.

Ila baada ya hapo watu hawakuishia kubishana, walipima. Marekani walifanya utafiti ukaitwa COST, hospitali 48, wagonjwa 872, kila mmoja anapangwa kwa bahati nasibu, huyu matundu, huyu kufunguliwa, daktari hachagui na mgonjwa hachagui. Na mpasuaji hakuruhusiwa kuingia hivihivi, lazima awe ameshafanya angalau 20 za matundu na apeleke video yake iangaliwe (hili likumbuke, nitalirudia). Matokeo yakatoka 2004. Baada ya miaka 3, waliokuwa hai ni 86 kwa 100 kwa matundu na 85 kwa 100 kwa kufunguliwa. Kansa kurudi, 16 kwa 100 kwa matundu, 18 kwa kufunguliwa. Na lile la kuota kwenye kidonda ambalo ndo lilikuwa limeleta kelele yote? Chini ya mtu 1 kwa 100, pande zote mbili. Wakaendelea kuwafuata mpaka miaka 5, ikawa 76.4 kwa 74.6. Sawa tu.

Sasa nisikufiche upande mwingine, kwa sababu kaka akitafuta Google atauona. Ulaya walikuwa na wa kwao, COLOR, wagonjwa zaidi ya elfu moja, na kule baada ya miaka 3 waliofunguliwa walikuwa mbele kidogo, 84.2 kwa 81.8. Barcelona nako, wagonjwa 219 tu, mwaka 2002 wakatangaza kwamba wa matundu ndo wanaishi zaidi, watu wakashangilia, baadaye walipowafuata kwa muda mrefu lile pengo likafifia hadi halitoshi kusema ni la kweli. Australia na New Zealand, wagonjwa 601, miaka 5: matundu 77.7, kufunguliwa 76. Unaona mwenendo wake? Mara huku kimezidi kidogo, mara kule kimezidi kidogo, kama mizani ya muuza samaki sokoni upepo ukipita. Kukiwa na tofauti ya kweli mizani ingelala upande mmoja kila mahali. Na wale wa COLOR waliendelea kufuatwa hadi miaka 10, bado hakuna tofauti.

Halafu Japani. Hapa ndo napenda watu wakae chini kidogo. Wajapani walichukua wagonjwa 1057 wa steji (hatua ya kansa) ya 2 na ya 3, na baada ya miaka 5 waliokuwa hai ni 91.8 kwa matundu na 90.4 kwa kufunguliwa. Sasa weka hizo karibu na za Marekani, 76 na 74. Ndani ya nchi moja, tundu na kisu vinapishana kwa moja au mbili. Kati ya nchi na nchi, pengo ni kama 15! Najua, wagonjwa sio walewale, Wajapani walichuja, wazee wa zaidi ya miaka 75 hawakuwemo, na kila mahali wana namna yao, kwa hiyo huwezi kulinganisha moja kwa moja kama bei ya sukari Busia na Kampala. Lakini hata ukipunguza hayo yote bado inakuambia kitu: kinachobeba maisha ya Mzee ni namna kazi inavyofanywa ndani, na hali aliyokuja nayo, na kinachofuata baadaye. Ukubwa wa mlango ni jambo dogo.

Kazi ya ndani yenyewe ikoje? Kama umewahi kuosha matumbo ya mbuzi siku ya Idi utanielewa haraka. Ule utumbo haujakaa peke yake, umeshikiliwa na utando wenye mafuta, ukiunyoosha kwenye mwanga unaona mishipa ya damu inatembea ndani kama mizizi, na kandokando ya mishipa kuna vitu vidogo kama punje za maharage. Hayo ni matezi. Kansa ya utumbo ikitoka nyumbani kwake inatembea kufuata njia hiyo, inafikia matezi ya karibu kwanza, halafu ya mbali. Kwa hiyo upasuaji wa kansa sio kukata uvimbe na kushona. Ni kwenda hadi shina la ule mshipa, kuufunga hapo, na kuutoa utumbo pamoja na utando wake wote mzima haujachanika, na kuacha angalau sentimita 5 za utumbo mzuri kila upande wa uvimbe. Ukifanya hivyo kwa kamera umefanya, ukifanya kwa tumbo wazi umefanya. Ukikata karibu na utumbo, ukaacha mafuta na matezi ndani, hata ungefungua tumbo kutoka kifuani hadi kinenani umeacha mhogo udongoni.

Na mhogo hautoki kwenye tundu la panya, hapo kaka amesema kweli bila kujua! Matundu ni manne au matano, ya milimita 5 hadi 12, hayo ni ya kamera na vyombo tu. Mwishoni tunakata mahali pamoja, sentimita 5, 6 au 7 hivi kutegemea ukubwa wa uvimbe, tunaweka pale kitu kama kaveera (mfuko wa plastiki) safi chenye mipete kinachofunika nyama zote za kidonda pande zote, ndo utumbo unavutwa kupitia humo. Uvimbe hauigusi ngozi ya Mzee hata kidogo. Hiyo kaveera ni moja ya mambo tuliyojifunza kutokana na zile habari za 1994. Pamoja na kutoshika uvimbe wenyewe na vyombo, unashika utando wa pembeni, kwa sababu uvimbe ukipasuka ndani ya tumbo, hapo ndo unakuwa umemwaga mbegu kweli. Gesi yenyewe ni kaboni dayoksaidi, kazi yake kuinua ukuta wa tumbo kama hema ili tuone, mwishoni tunaitoa. Mzee akiamka atalalamika bega linauma, msishtuke mkadhani moyo, ni ile gesi iliyobaki inachokoza kiwambo cha chini ya mapafu, siku mbili tatu inaisha.

Nikiri kitu kimoja tena kwa ajili ya kaka. Kuna kansa ambayo matundu yalishindwa, na yeye huenda kasikia kutoka huko. Kansa ya mlango wa kizazi, ambayo sisi Uganda tunayo nyingi sana. Mwaka 2018 utafiti mkubwa ulionyesha wanawake waliotolewa kizazi kwa matundu kansa iliwarudia zaidi: baada ya miaka 3 wasio na ugonjwa walikuwa 91.2 kwa 100, waliofunguliwa 97.1. Wapasuaji wengi duniani wakarudi kwenye kufungua. Kwa hiyo sio kwamba kamera ni nzuri kwa kila kansa, hapana, kila kiungo kina kesi yake na lazima kipimwe chenyewe. Hata puru, ile sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo, mambo yake yamekuwa na ubishi zaidi. Utumbo mpana ulio juu ya puru, kama wa Mzee, umepimwa, umepita.

Sasa yale yanayobeba miaka.

La kwanza ni steji, na hii mtaijua vizuri baada ya upasuaji, sio kabla. Skani inaona ini na mapafu lakini matezi madogo inakisia tu. Steji ya 1 na ya 2 ni kansa ambayo haijaingia kwenye matezi, ya 3 imeingia, ya 4 imeshafika mbali. Kwa hesabu za Marekani, ikiwa bado imekaa kwenye utumbo wenyewe, karibu watu 9 kwa 10 wako hai baada ya miaka 5, ikiwa imefika kwenye matezi au viungo jirani ni 7 kwa 10 na kidogo, ikiwa imeshafika ini au mapafu inashuka hadi mtu 1 au 2 kwa 10. Hizo ni za watu wanaopata kila kitu kwa wakati. Kwetu huku watu wanakuja wamechelewa na wengine wanakatisha dawa katikati, kwa hiyo usizichukue kama ahadi, ila zinakuonyesha mteremko ulivyo, kutoka 9 hadi 1, na ndo maana nasema usibishanie ile moja na nusu ya tundu na kisu ukapoteza mwezi mzima. Mwezi wa ubishi wa familia unaweza kumgharimu Mzee kuliko njia yoyote mtakayochagua.

La pili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu pananiuma, ni maabara. Ule utumbo ukishatoka lazima mtu wa patholojia aukate vipandevipande, atafute matezi mojamoja, ayahesabu. Tunataka angalau 12. Akikuta matezi 12 au zaidi na yote safi, naweza kukuambia kwa moyo mkunjufu steji 2. Akikuta 4 safi, sijui. Huenda yale yenye kansa hakuyaona, huenda mimi sikuyatoa.

Miaka ya nyuma nilimfanyia mwalimu mmoja kwa kamera, hospitali moja niliyokuwa nafanya kazi, kazi ilikwenda vizuri sana, damu haikufika hata kikombe kimoja, nikatoka thieta najisikia mtu. Utumbo ukawekwa kwenye kopo, ndugu wakapewa walipeleke wenyewe maabara mjini kama tulivyozoea huku, kopo lenyewe lilikuwa dogo, fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) imefika nusu, utumbo umekunjwa ndani kama shati kwenye sanduku. Ndugu hela ya maabara hawakuwa nayo siku ile, kopo likakaa nyumbani chini ya kitanda, wiki mbili, tatu. Ripoti ilipokuja ilisema nyama ya katikati imeshaanza kuoza, matezi yaliyopatikana 3, yote safi. Tukasema haya, steji 2, hakuna kemo (dawa za kuua kansa). Mwaka mmoja na nusu baadaye alirudi, ini limejaa. Kovu lake lilikuwa zuri kweli, huwezi hata kuliona. Nalikumbuka lile kovu kila nikisikia mtu anasifia kamera.

Kwa hiyo dada, kabla ya siku ya upasuaji, ulizeni nani atachukua utumbo, utaenda maabara gani, hela yake iko wapi, na kama ni nyinyi mtabeba, kopo liwe kubwa, fomalini iwe mara kumi ya nyama, na liondoke siku hiyohiyo hata kwa boda. Halafu ripoti ikitoka msiridhike na neno "imetolewa yote", tafuteni namba ya matezi. Mangapi yameonekana, mangapi yana kansa. Piga picha kwa simu uitunze.

La tatu ni kemo, kama matezi yatakuwa na kansa. Tangu 1990 tunajua kwamba mtu wa steji 3 akipewa dawa baada ya upasuaji, vifo vinapungua kama theluthi moja. Theluthi! Hakuna kamera duniani iliyowahi kupata namba kama hiyo. Na dawa zimekuwa bora tangu wakati huo. Nyingi tunazotumia sasa ni vidonge vya kapesitabini pamoja na dripu ya oksaliplatini kila wiki 3, na 2018 ikaonekana kwa wale wenye steji 3 ya afadhali miezi 3 inakaribia kabisa kutosha badala ya 6, hii kwetu ni habari kubwa kwa sababu miezi 3 ya nauli Arua hadi Kampala na pa kulala ni kitu familia inaweza kupanga, 6 watu wanaishiwa njiani. Ianze ndani ya wiki 8 baada ya upasuaji, sio miezi 5 baadaye mkishavuna. (Akiwa kwenye hiyo dripu asiguse vitu vya baridi, vidole vinawaka kama vimechomwa sindano, hata soda ya friji kooni itamshtua. Wengi wanaacha dawa kwa sababu hakuna aliyewaambia hilo mapema.)

Hapa matundu yana faida moja ya pembeni ambayo ni ya kweli: mtu anapona haraka, kidonda hakioshwi mwezi mzima kwa usaha, kwa hiyo anaweza kufika kwenye kemo kwa wakati. Na kwa mtu atakayerudi kushika jembe, kovu dogo lina maana, ngiri ya kidonda ni chache. Sizidharau faida hizo hata kidogo, mimi mwenyewe ningekuwa na uvimbe wa Mzee ningechagua kamera. Lakini ningechagua mtu kwanza, halafu kamera.

Ndo nirudi kwa wale waliopeleka video. Zile namba nzuri zote ni za mikono iliyochujwa. Waingereza walifanya utafiti wao kuanzia 1996, hospitali 27, na mwaka wa kwanza walioanza kwa matundu wakaishia kufunguliwa walikuwa 38 kwa 100, mwaka wa sita imeshuka hadi 16. Ni madaktari wakijifunza, basi. Na waliobadilishiwa njia katikati walifanya vibaya zaidi baadaye, sehemu kwa sababu ndo waliokuwa na uvimbe mkubwa na mgumu. Muulizeni daktari bila aibu, amefanya ngapi za utumbo, za kansa, sio za kidole tumbo wala mawe ya nyongo. Daktari mzuri hakasiriki, anajibu. Na muulizeni atabadilisha lini kwenda kufungua. Akisema yeye habadilishi kamwe, ondokeni. Hata wale waliochujwa wa Marekani walibadilisha mtu 1 kati ya 5, damu ikianza kutoka pasipoonekana, au uvimbe umeng'ang'ania kibofu, au haoni vizuri, anafungua, na Mzee akiamka na kovu refu msimlaumu, huenda kamuokoa.

Na kuna mambo ambayo tafiti zile hazikuyagusa ambayo kwetu ni ya kila siku. Waliokuja utumbo umeshaziba, tumbo limevimba kama ngoma, anatapika, hawakuwemo. Uvimbe uliotoboka hawakuwemo. Kwa hiyo kama kabla ya tarehe yenu Mzee akaacha kwenda choo na kutoa hewa, tumbo likajaa, hapo mjadala wa matundu umekwisha, mkimbizeni hospitali ya karibu yenye mpasuaji, afunguliwe. Wapasuaji wetu wa mikoani kufungua tumbo wanakujua, huku kwetu utumbo kujisokota ni jambo la kawaida na mikono yao imezoea. Vifaa vya kamera ni vya hospitali chache na nyingi ziko Kampala, mtu asiyevifikia hajanyimwa maisha.

Kwa hiyo ng'ombe. Fanyeni hesabu ya safari yote, sio ya siku ya thieta tu: upasuaji, maabara, kemo kama itahitajika, nauli, na ile damu ya kupima alama ya kansa inaitwa CEA kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka miwili ya mwanzo, skani kila mwaka, kolonoskopi baada ya mwaka mmoja. Ufuatiliaji huo ni muhimu kwa sababu kansa hii ikiwa ya kurudi, karibu 8 kati ya 10 hurudi ndani ya miaka 3 ya kwanza, na ikikamatwa ini likiwa na doa moja au mawili bado kuna wanaopona. Kama baada ya hesabu hiyo, njia ya matundu bado inaingia, chukueni matundu. Kama ya matundu itakula hela ya kemo, chagueni kufunguliwa na mpasuaji mzuri, na mlale usingizi. Mzee hatakufa mapema kwa sababu ya kovu.

Kitu cha bure nacho: kutembea. Mwaka 2025 ulitoka utafiti wa watu 889 waliomaliza kemo ya kansa hii, nusu wakapewa mazoezi yenye mtu wa kuwasimamia kwa miaka 3, nusu kitabu cha maelezo tu. Baada ya miaka 5, wasiorudiwa na kansa walikuwa 80 kwa 100 kwa wenye mazoezi, 74 kwa wenzao. Pengo hilo ni kubwa kuliko lolote la matundu na kisu nililokuandikia hapo juu. Mzee ni mwanajeshi, mwambieni ni amri, akishapona kidonda mguu mosi kila siku, haraka haraka hadi jasho litoke.

Umegusia pia mama anasema hii kansa ni ya wazungu, hapo zamani haikuwepo. Hajakosea sana. Kuna daktari Denis Burkitt, alifanya kazi Lira halafu Mulago hadi miaka ya 1960, akashangaa anapasua Waganda na Walango miaka na miaka na kansa ya utumbo mpana haioni, ndo akaenda kuwahubiria wazungu wale makapi ya nafaka na mboga. Lakini rejista ya kansa ya Kampala, ambayo inahesabu tangu miaka ya 1950, inaonyesha zinapanda. Chakula kimebadilika, watu wanaishi zaidi, sijui na nini kingine, lakini zinapanda na tunaziona hadi kwa vijana.

Na hiyo inanirudisha kwa kaka yenu. Mtu ambaye baba yake ameugua kansa hii anatakiwa aanze kupimwa akifika miaka 40, hata kama haumwi popote. Wewe umesema una 33, bado una muda, isipokuwa ukianza kuona damu. Yeye ana 44, kwa hiyo amechelewa miaka 4. Mkishamaliza ubishi wa Mzee mwambieni aje na yeye apigwe kolonoskopi, na asiwe na wasiwasi, hiyo nayo ni kamera lakini haitobolewi tundu jipya, inatumia lile alilozaliwa nalo.